Mama Lebusa na Muda wa Nyongeza

Baada ya kufundisha Siasa Linganishi kwa miaka thelathini na miwili katika chuo chetu hapa Maseru, Lesotho, Mama Nthabeleng Lebusa anastaafu tarehe 30 Juni, katikati ya baridi, wakati ambao hakuna mwenye akili timamu ambaye angeachana na hita ya darasa lake, chumba namba nne.

Hita hiyo ya mafuta ya taa ndiyo aliyofundishia. Kila majira ya baridi darasa liliamua nani akae karibu nayo. Wiki moja aliamua mwanafunzi aliyefanywa mfalme. Wiki nyingine rais, ambaye hakuna aliyeweza kumng'oa hata alipoivutia miguuni pake. Kisha ikaja serikali ya mseto. Mwaka jana mseto ulivunjika kabla ya chai, watu wakashinda wamejifunika blanketi wakilaumiana.

"Mama, bora mfalme!" mmoja akalalamika.

"Ngoja mfalme akuchukie," akamjibu. "Haya, linganisheni."

Hakuwahi kusema mfumo upi ni bora. Iwe Ghana, Uswisi au sisi wenyewe, swali lake lilikuwa moja: mkubwa anaondokaje? Nilipoanza kazi hapa niliona ni swali dogo mno.

Mwezi Machi Mkuu wa Kitivo, Ntate, yaani Bwana, Tlali Rasekoai, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alimletea mkataba wa miaka miwili zaidi. Sote tulikuwa tumetia saini barua ya kuomba apewe, mimi wa kwanza. Tulijua anautaka. Tangu afiwe na mumewe, ndiye aliyekuwa wa mwisho kufunga ofisi, maana nyumbani hakuna anayemsubiri.

"Mama, si wewe unayeomba," Ntate Rasekoai alimbembeleza. "Ni watu ndio wanaokutaka."

Mama Lebusa alicheka hadi machozi. "Mwanangu, watawala wote waliokataa kuondoka waling'ang'ania kwa maneno hayo hayo!" Machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. "Natamani sana kubaki. Ndiyo maana nakuogopa wewe na karatasi yako."

Hakutia saini.

Juzi aliingia darasani nikifundisha mimi, akaketi nyuma kabisa, penye baridi. Nikamsogezea kiti karibu na hita.

"Darasa limeamua?" akauliza.

Wanafunzi wakapiga kura papo hapo. Hakuna aliyempinga.

Asante, Mama, kwa yote. Tunakuombea afya, nyumba yenye joto na wageni wasiokwisha. Tutakukumbuka ulivyoinuka siku ile, ukajitanda blanketi na kusogea kwenye hita, ukituambia, "Kwa leo tu."