Mkwe wa Kiwandani

Kosta ya kutoka Njombe ilikuwa nusu tupu, kwa hiyo sikuhitaji kutega sikio. Mbele yangu mama mmoja alikuwa akimweleza mzee aliyeketi naye kwamba ameachishwa kazi ya kuchambua parachichi kiwandani. "Mashine imechukua nafasi yangu, baba. Na mimi ndiye niliyeifundisha." Mzee akashangaa: "Kumbe mashine nayo inafundishwa?"

Siku hizi inafundishwa, akasema mama. Watafiti walimvalisha glavu zenye nyaya, wakamfunga kamera kwenye paji la uso, na kwa miezi mitatu kila tunda aliloshika likarekodiwa. "Nikaifundisha kama mkwe aliyeletwa nyumbani. Mkwe humfichi kitu. Nikaionyesha mpaka pale pa kubonyeza karibu na kikonyo, ambapo hata binti yangu Kristina sijamwonyesha."

Mzee akamfariji, kama wanavyofariji watu ambao kazi zao bado zipo: "Itakosea tu, mama. Chuma hakina ngozi." Mama akatikisa kichwa. "Inakosea mara chache kuliko mimi. Walinionyesha." Mzee akageukia dirisha, nami nikamshukuru kimoyomoyo.

Kosta iliposimama stendi ya Makambako, mchuuzi aliinua beseni la parachichi dirishani. Mama akachukua moja, akalibonyeza karibu na kikonyo. "Hili litaiva keshokutwa," akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza. Kisha akaliinua usawa wa paji la uso, akaligeuza taratibu, upande huu na upande ule, ili kamera ione.