Diwani Aliyewagawia Maji Watu wa Tambarare

Mwezi huu wa Agosti 2005, baada ya kuitumikia Kata ya Mwasongo kwa miaka kumi na mitano katika awamu mbili, Mheshimiwa Aristides Lyimo anastaafu udiwani.

Alikuwa mwalimu wa hesabu alipochaguliwa mwaka 1984. Sisi makarani wa halmashauri tulimjua upesi. Alifika kikaoni kabla ya mwenyekiti, ndizi mbivu mfukoni, na mihtasari yetu aliisahihisha kwa kalamu nyekundu. Mimi alinirudishia mmoja mara tatu kwa sababu ya koma.

Mtihani wake mkubwa ulikuja mwaka wa ukame, 1993. Wananchi wake wa mlimani, wenye kahawa na migomba, walitaka mfereji mkuu ufungwe ili maji yasiteremke kwa wakulima wa mpunga wa Chekereni. Kura za madiwani ziligawanyika nusu kwa nusu. Ikabaki ya kwake. Akasimama. "Walionichagua wako juu," alisema, "lakini watakaolala njaa wako chini. Tugawane kwa zamu." Mfereji haukufungwa.

Wapiga kura walimwadhibu. Katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi alishindwa na Bwana Kornel Mosha kwa kura tisa. Mkewe, Mama Victoria, anasema siku hiyo mumewe hakugusa chakula. Kesho yake alikwenda kwa Kornel, akampa mkono, kisha akamkabidhi ratiba ya zamu za maji.

"Usiivunje, ndugu yangu," alimwomba.

Kornel hakuivunja.

Kisha bei ya kahawa ikaanguka. Familia zilizomnyima kura zikashuka kukodi majaruba ya mpunga Chekereni, zikakuta maji yanatiririka. Wazee waliomzomea wakafika nyumbani kwake kumwomba arudi. Mwaka 2000 alishinda kwa tofauti ya kura elfu moja na mia mbili, na aliyemnadi nyumba kwa nyumba alikuwa Kornel mwenyewe. Awamu hiyo zamu zikawa sheria ndogo ya halmashauri. Tangu hapo hakuna aliyeshika panga mferejini kugombea maji.

Mheshimiwa, tunakushukuru. Mungu akujalie wewe na Mama Victoria afya na miaka mingi ya furaha kihambani, kwenye shamba lenu la migomba. Wakulima wa Chekereni wameleta mchele wa sherehe hii, wakaomba jambo moja tu: watu wa mlimani na wa tambarare wale pamoja kwenye sinia moja.