Aliyeandika Sifa Zetu Zote

Ijumaa ijayo, tarehe thelathini, Mama Nukta anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika Idara ya Kiingereza. Jarida letu la wafanyakazi hupenda wasifu wa mstaafu uwe mchangamfu. Nitajitahidi, lakini nina hasira, na msomaji asinilaumu ikinitoka.

Jina hilo alipewa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa sababu hakuchoka kuwaambia kwamba sentensi ni kama mgeni: ikishaeleza shida yake, iage iondoke. Ukumbi aliopangiwa ni mkubwa, na kipaza sauti chake ni kibovu tangu enzi na enzi. Akapaza sauti yake mwenyewe, hata wapishi wa kantini chini ya dirisha wakajua kupanga hoja kabla ya wavivu wa viti vya nyuma. Alipata tuzo ya mwalimu bora wa chuo kizima. Kikombe chenyewe kiko dirishani, katika ofisi tunayotumia yeye na mimi, kinazuia karatasi zisipeperuke. Kabati la kioo la koridoni, tuliambiwa, ni la maprofesa tu.

Haya, twende kwenye hilo kabati. Mkija kwenye sherehe ya kumuaga, simameni mbele yake. Mtaona picha za maprofesa wetu na nishani zao, na chini ya kila picha wasifu uliochapwa vizuri: mtafiti mahiri, mlezi wa wasomi, fahari ya idara. Nani aliandika maneno hayo? Mama Nukta. Yote! Mtu akikaribia kupanda cheo alikuja ofisini kwetu ananyenyekea, dada yangu nisaidie, na dada akaacha kazi zake. Makala zao nazo zilifika mezani kwake zikiwa hoi, zikatoka zinatembea.

Yeye mwenyewe ameomba uprofesa mara tatu. Kitabu chake cha kufundishia uandishi kinatumika hadi vyuo vingine. Kamati ikasema kitabu cha kufundishia si utafiti. Akaandika utafiti. Kamati ikasema hautoshi. Akaongeza. Safari hii wasomaji wa nje ya chuo waliopima kazi zake wamempitisha na kimebaki kikao kimoja tu. Nacho kimeahirishwa hadi baada ya tarehe thelathini, kwa kuwa Mkuu wa Idara, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati, amesafiri kupokea nishani. Kanuni inasema aliyestaafu hapandishwi cheo. Wasifu wa nishani hiyo uliandikwa na nani, sina haja ya kusema. Shukrani ya punda ni mateke. Mumewe, fundi wa friji, alisema yeye angeahirisha kazi namna hii, nyama za watu zingenuka mtaa mzima. Shemeji hakukosea.

Nilidhani nimeshayaona yote. Jumatatu iliyopita simu ikalia. Ofisi ya Mkuu, kwa adabu zote, ikamwomba Mama Nukta aandike, kama kawaida yake, wasifu wa mstaafu wa mwezi huu. Akauliza mstaafu mwenyewe ni nani. Wakamsomea jina: lake mwenyewe. Mama Nukta alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka hata kidogo. Kilichonichoma zaidi ni kwamba alipomaliza kucheka alivuta karatasi akaanza kuandika kweli, na mstari wa kwanza ulikuwa wa kuwashukuru wao. Nikamnyang'anya. Ndiyo maana leo mnasoma maneno yangu haya makavu.

Mama Nukta, asante kwa kila sentensi yetu uliyoisimamisha wima. Kacheze na wajukuu, kalale mchana, ukapumzike kwa raha zako zote. Mtu akibisha hodi na rasimu mkononi, mwambie shemeji afunge geti.

Na kwa Mkuu wetu, neno moja. Ratiba ya sherehe imeshachapishwa, na sisi wenzake Mama Nukta tumekubaliana jina lake litanguliwe na Profesa. Ukitaka, kikao kinaweza kufanyika hata kwa simu kabla ya Ijumaa. Usipotaka, njoo na kalamu ulifute neno hilo mbele yetu sote, kisha utuambie kwa nini. Ila hotuba hiyo utaiandika mwenyewe.