Mzee Elinaza na Matairi ya Gari la Kaloleni

Ijumaa ya tarehe 28 Juni 1996, saa tisa na nusu alasiri, Mzee Elinaza Pallangyo atavua ovaroli ya Karakana ya Mlima Mdogo kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na moja na karibu miezi minne, yote katika kitengo cha matairi. Sisi tunaobaki tumeanza kumkumbuka hata kabla hajaondoka.

Alizaliwa Nkoaranga mwaka 1941, akaajiriwa Machi 1965 kama kibarua wa kutoa matairi kwenye ringi. Mwaka 1978 akawa mkuu wa kitengo. Katika miaka ile ambayo tairi jipya lilihitaji kibali na barua tatu, ni yeye aliyefanya magari yetu yaendelee kutembea, kwa kuyahamisha matairi gurudumu hadi gurudumu, la spea likiwemo, ili yalike sawasawa. Upepo alipima asubuhi tu, kabla safari na jua havijayapasha moto. Aliyekuja saa nane mchana alirudishwa, awe dereva au bosi. Mwaka 1983 meneja mmoja alirudishwa mara mbili. Siku ya tatu alimkuta mlinzi bado hajafungua geti.

Magari ya zamani ndiyo yaliyokuwa furaha yake. Mwenye gari lisilotembea aliagizwa alipandishe juu ya magogo, ili matairi yasikae kwa upande mmoja yakaharibika umbo. Waliopaka dizeli ili matairi yang'ae walipewa somo refu kuhusu namna dizeli inavyokula mpira.

Kisha biashara ya nje ikafunguliwa. Kuanzia katikati ya mji hadi Kwa Mrombo, vibanda vikajaa matairi yaliyotumika ng'ambo, meusi, ya kuvutia, kwa bei nafuu. Wengi tulishangilia. Mzee Elinaza naye alifurahi, lakini hakuacha kuyakagua moja moja.

Jumatatu moja ya Desemba 1994 alikuja Bi. Zakia wa Kaloleni, mjane wa Abdulhalim aliyekuwa dereva wa teksi. Alifuatana na shemeji yake, Abdulrahman. Walilileta lile Peugeot 403 la marehemu, la mwaka 1961, likiwa juu ya lori kwa sababu matairi yake yalikuwa vipara vitupu. Abdulrahman alikuwa amenunua mengine manne ya mtumba.

"Fundi, mwanangu Najat anafika Alhamisi kutoka Muscat," Bi. Zakia alisema. "Miaka tisa sijamtia machoni. Baba yake alimpeleka uwanjani kwa gari hili, hawakuonana tena. Nataka akishuka alione."

Mzee aliinama akasoma tarakimu tatu za tarehe zilizo ubavuni mwa tairi.

"Ni ya mwaka huu huu," Abdulrahman alisema. "Tazama, inaishia na nne."

"Hiyo nne ni ya tisini na nne, au ya themanini na nne, kaka?" Mzee alilibonyeza tairi kwa dole gumba, nyufa zikafunguka kama udongo wa kiangazi. Isitoshe, yalikuwa mapana; gari lile linavaa tairi jembamba la inchi kumi na tano, na haya yangegusa bodi kila usukani unapokatwa. "Mama, nisamehe. Haya sifungi."

Bi. Zakia aliketi kwenye benchi letu, machozi yakamtoka. "Basi nikampokee mwanangu kwa gari la kukodi, kama mgeni?"

Mimi, niliye stoo, nilipiga simu Moshi, nikapiga Nairobi. Yanayolifaa gari lile yangepatikana, lakini baada ya wiki mbili; nikayaagiza hivyo hivyo.

Jumatano asubuhi Mzee Elinaza alishuka kwenye lori la ndizi akiwa na magurudumu manne yaliyofungwa kamba, matairi mapya, kashata zake, yaani meno ya tairi, bado nzito. Alisema tu kwamba ameyapata. Lakini mimi niliyatambua, maana Septemba nilimwagizia mwenyewe kupitia dereva wa Nairobi. Yalikuwa ya gari lake, Peugeot ya aina hiyohiyo, aliyouziwa na mwenye shamba la kahawa aliyehama mwaka 1972. Sasa lilikuwa limebaki Nkoaranga juu ya magogo.

Wakati wa chai nikamuuliza. Ndipo nilipojua kwamba mwanawe Bariki aliondoka mwaka 1989 kwenda kutafuta maisha Afrika Kusini, na baada ya miaka miwili barua zikakatika. Kila mwaka Mzee alilitengeneza gari lile, ili habari ikija aende kumchukua siku hiyohiyo, iwe Namanga au Dar es Salaam.

"Na habari ikija wiki hii?"

"Nitapanda basi," alisema. "Mama Najat anaijua siku yake. Mimi yangu siijui."

Alhamisi alikwenda nao uwanja wa ndege, amekaa mbele kando ya Abdulrahman, akisikiliza magurudumu tangu karakana. Najat alitoka akiwa amemshika mkono binti yake wa miaka sita. Akamkumbatia mama yake. Mzee alituambia kwamba wakati huo yeye alikuwa ameinama akikagua nati. Abdulrahman alituambia kwamba alikuwa anafuta macho.

Mwisho wa Januari Bi. Zakia aliyarudisha yale magurudumu, yameoshwa, kila moja limefungwa katika khanga mpya. Wakati huo matairi yake mwenyewe kutoka Nairobi yalikuwa yamekwisha kufika.

Hadi ninapoandika haya, Bariki hajaandika.

Mzee Elinaza anakwenda kwenye kahawa na migomba yake, na kwa mkewe, Mama Ndeshi, ambaye kwa miaka yote hii amekuwa akimwona Jumapili tu akiwa hana harufu ya mpira. Kwa niaba ya karakana nzima, asante, Mzee wetu, kwa magari yote yaliyorudi salama na kwa wote waliofika makwao. Tunakuombea afya na siku za utulivu. Na habari ile ikija, usipande basi. Piga simu stoo, saa yoyote. Tutakwenda wote kumpokea.

Kandida Shirima,
Stoo