Nilimwomba Mungu Ishara, Nikamficha Hasira Yangu

Bwana asifiwe sana, wapendwa! Wale wa nyuma sijawasikia. Bwana asifiwe! Haya, asanteni. Mimi ni Mwalimu Rehema wa darasa la kwanza kule Miburani, wengi mnanijua kwa sauti hii ya kukemea. Leo nimesimama nijikemee mwenyewe.

Ndugu zangu, kwetu ni Mufindi. Nilikuja kisiwani hapa Mafia miaka tisa iliyopita na mume wangu Joseph, naye mwalimu. Miaka mitano iliyopita Joseph aliugua, akafariki. Aliusia azikwe hapa hapa Kilindoni, na wengine mliobeba jeneza lake mmekaa humu ndani. Majirani zangu Waislamu walinipikia siku zote za msiba. Bi Zuhura, wa nyumba ya pili, alilala nami mkekani mpaka nikaweza kulala peke yangu. Lakini mama yangu mzazi hakuja! Tulisogeza maziko siku nzima tukimsubiri. Mdogo wangu Elia akapiga simu, akasema, "Dada, mama ameshindwa safari." Basi. Mimi nikaelewa kwamba hakutoka hata nyumbani.

Tangu hapo nilimpigia mama kwa kutimiza wajibu tu. Shikamoo, marahaba, mvua imenyesha, haijanyesha, kwaheri. Na huku kwenye kwaya naimba sauti ya kwanza, macho nimefumba! Mungu anisamehe.

Mwaka huu mama amepooza upande wa kulia. Elia anashinda kwenye mashamba ya chai, mama anashinda peke yake ndani mpaka jioni. Elia akanitafutia mwalimu wa kubadilishana naye. Watumishi wa serikali mnaujua utaratibu wetu: unampata mwenzio wa kule anayetaka kuja huku, mnajaza barua, kila mmoja anashika nafasi ya mwenzake. Akapatikana dada mmoja ambaye mume wake anafanya kazi hapa Kilindoni. Kila kitu kilikuwa tayari, ikabaki sahihi yangu, na mwisho wa kupeleka barua ulikuwa Ijumaa.

Nikaanza kuomba mwongozo. Ndugu zangu, niliomba! Nikafunga siku tatu. Nikamwambia Mungu, mtoto wa kwanza kunisalimia Jumatatu akiwa wa kike, nitakwenda. Akaja wa kike. Nikasema huyu siku zote huwahi, hahesabiki. Nikafumba macho, nikafungua Biblia, kidole kikatua kwenye majina ya wana wa fulani bin fulani, ukurasa mzima. Nikasema, boti ikifika leo kabla ya saa nane, nitakwenda. Ikafika saa saba! Nikasema, ah, leo bahari ilikuwa shwari tu. Mnacheka, lakini mimi nilikuwa nakonda kweli. Silali vizuri, darasani nafoka ovyo, na yule dada ananipigia, "Mwalimu, umeamua?" Namwambia naendelea kuomba.

Jumatano nikaenda kwenye kikundi chetu cha maombi cha akina mama. Mnajua desturi yetu: kabla hujaombewa, unataja haja yako waziwazi ili wote waombe jambo moja. Nikasema, "Niombeeni mwongozo, niende kwa mama au nisiende." Mama Upendo, kiongozi wetu, akanitazama, akauliza, "Mwongozo wa nini mwanangu? Kwenda unataka, au hutaki?"

Nikajikuta nimepiga kelele, "Sitaki! Hakuja kumzika Joseph!"

Mimi mwenyewe nilishtuka, maana miaka yote mitano sikuwahi kulisema hilo, hata kwenye maombi. Nililia, ndugu zangu, kamasi na machozi. Hapo ndipo nilipojijua. Haukuwa mwongozo niliokuwa naomba. Nilikuwa naomba ruhusa ya kutokwenda! Mama Upendo hakunihubiria. Akanishika mkono, akasema, "Haya, hilo sasa tunaweza kuliombea." Wakaomba hasira ile initoke, wakaniombea na ujasiri wa kumwambia mama.

Nilipofika nyumbani nikapiga simu. Maneno ya mama siku hizi yanatoka mazito, inabidi umsubiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, nina hasira na wewe. Hukuja kumzika Joseph."

Akasema, "Nilikuja."

Ndugu zangu, mama yangu alisafiri na Elia kutoka Mufindi mpaka Nyamisati, pale boti za kuja huku zinapoondokea! "Nikayaona yale maji," akasema. "Rehema, mimi maisha yangu sijaona maji yasiyo na ng'ambo. Watu wakapanda, miguu yangu ikakataa. Elia akanivuta, nikalia kama mtoto. Tukangoja boti ya kesho yake, nayo nikaiogopa. Nikamkataza Elia asikwambie. Niliona aibu, wewe uko msibani, mimi naogopa maji."

Miaka mitano! Mama wa watu alirudi nyumbani na aibu yake, na mimi huku nimekaa na hasira yangu, na kati yetu palihitajika swali moja tu. Nikamwomba msamaha. Naye akaniomba. Nikamwambia nataka kuja, akanijibu, "Njoo kama moyo wako unataka. Kama ni huruma, ya Elia inanitosha." Huyo ndiye mama yangu, ukali nimerithi!

Alhamisi nikaweka sahihi. Jumanne naondoka. Sisemi kwamba hainiumi kumwacha Joseph hapa. Inauma, tena sana. Nilipomuaga Bi Zuhura aliniambia, "Nenda kwa mama yako, mwanangu. Kaburi la mumeo mie nitalipalilia. Siku ukija utalikuta safi, inshallah." Naye nimemlilia pia.

Ninamshukuru Mungu aliyenivumilia na ishara zangu zote. Ninawashukuru akina mama wa kikundi, na wanafunzi wangu niliowafokea bure. Na wewe uliye njia panda leo, usimwogope Mungu. Mwambie ukweli ulio moyoni kwanza, hata kama ni mbaya, hata kama unamtaja mzazi wako kwa hasira. Mtegemee, anaweza kuupokea. Na kama kuna mtu hapa ambaye kuna simu anaikwepa, asingoje ibada iishe. Pale nje karibu na mlango mtandao unashika vizuri. Inuka, nenda kapige, mchungaji atakuelewa. Jina la Bwana lihimidiwe!