Futi Hamsini Nyuma ya Nyumba ya Bi Ozella

Ijumaa hii, tarehe 29 Juni 2018, Verlon Tuttle anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika Ofisi ya Mipango ya Kaunti ya Tolliver. Alipoajiriwa alikuwa na nywele. Mimi nilianza dawati la vibali miaka mitatu baadaye, na tangu hapo nimemsikia akiwaeleza watu, bila kuchoka, kwamba umbali kutoka mpaka wa kiwanja hupimwa kuanzia ukingo wa paa, si ukutani.

Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila anayejenga anaacha nafasi kati yake na jirani, na kila ghala au kiwanda kinachopakana na makazi kinaacha ukanda wa miti katikati. Si kazi ya kumpatia mtu marafiki. Hata mchungaji wake alimnunia kwa ajili ya stoo ya kanisa. Mwaka 1993 alipojenga baraza nyumbani kwake, alipima akakuta limezidi kipimo kwa inchi nne. Alijiandikia barua ya onyo, akaipokea, akaitia sahihi, na Jumamosi ile ile akashika msumeno akalipunguza. Mkewe, Fern, hakumsemesha wiki nzima. Barua hiyo bado tunayo, na kila mfanyakazi mpya huanza kwa kuisoma.

Tumecheka mengi na Verlon, ila ninalomkumbukia zaidi si la kuchekesha.

Mwaka 1988 yalijengwa maghala Barabara ya Mill, katika eneo lililotengwa kwa viwanda. Sheria ilidai ukanda wa futi hamsini upandwe miti, na mwenye maghala akapanda misonobari myeupe, iliyokuwa kwenye orodha yetu. Ilistawi vizuri, yenye matawi mazito hadi chini, na Verlon akaipitisha. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba msonobari wa aina ile ukishakua huangusha matawi ya chini. Kufikia mwaka 2003 pale palibaki vigogo vitupu, na taa za malori zikawa zinamulika moja kwa moja chumbani kwa Bi Ozella Crump, mjane wa miaka sabini na mmoja. Alikuja kwenye kikao cha bodi kutuambia kwamba halali tena, na kwamba anaiuza nyumba aliyolelea watoto watano.

Kisheria hakuna aliyekosea. Wakili wa kaunti alieleza hivyo, mwenyekiti akakubali, na tulikuwa tunahamia ajenda nyingine Verlon aliposimama.

"Miti ile niliipitisha mimi," alisema. "Niliangalia ilivyokuwa siku ile, sikufikiria itakavyokuwa leo. Bi Ozella asihamishwe na kosa langu."

Nilikuwa naandika kumbukumbu za kikao, na maneno hayo niliyaandika kama alivyoyasema.

Baada ya hapo kanuni zilibadilishwa, na leo kila ukanda lazima uwe na safu ya vichaka vya kijani mwaka mzima chini ya miti mirefu. Lakini kanuni mpya haikuweza kumbana mwenye maghala ya zamani. Verlon alimwomba ruhusa tu, kisha kila Jumamosi ya vuli akawa anakwenda pale na sepetu, miche minne ya vichaka hivyo nyuma ya gari lake, na mkate wa jibini aliofungiwa na Fern. Bi Ozella alimtazama kutoka uani siku ya kwanza, akiwa na glasi ya chai baridi mkononi.

"Verlon, mwanangu, miche yenyewe inanifika gotini. Itakua nimeshazikwa."

"Basi usife kwanza, Bi Ozella."

Bango la kuuza nyumba liling'olewa majira ya kuchipua. Faili la Barabara ya Mill, hata hivyo, Verlon alikataa kulifunga. Kila Desemba nilimkumbusha, na kila Desemba alinijibu kwamba ukaguzi haujaisha. Limekaa mezani kwake miaka kumi na mitano, na duara la kikombe chake cha kahawa limechorwa juu ya jalada.

Jumatatu iliyopita alinichukua twende wote. Bi Ozella, sasa ana miaka themanini na sita, alitufungulia chumba chake. Verlon alipiga magoti dirishani, kwa shida, akachungulia chini kabisa, pale palipokuwa na vigogo. Nje malori yalikuwa yakinguruma. Hatukuona hata moja, majani tu.

"Sikufa," Bi Ozella alimwambia, "kama ulivyoniagiza."

Verlon hakuinuka mara moja. Tuliporudi ofisini alinikabidhi faili, nami nikaligonga muhuri wa kulifunga.

Asante, Verlon. Kaa sasa na Fern kwenye baraza lenu, ambalo sote tunajua halijavuka mpaka, na siku zako ziwe njema.

Jeanette Spruill, Dawati la Vibali