Shandelia ya Bosi Kisongo

Pale Sakina, mbele ya kibanda cha fundi pancha kando ya barabara ya Nairobi, kuna benchi ambalo halijawahi kushindwa na swali. Mwaka huu tu limeshapanga bei ya mahindi na limeshamtibu mgonjwa wa presha ambaye, bahati yake, hakufuata ushauri. Jioni hiyo Najim muuza kahawa ndiyo kwanza alikuwa anamimina, na Mikaeli, anayeitwa Bosi Kisongo kwa sababu ya nyumba aliyojenga huko, akaleta la nyumbani kwake. Alilileta kwa sauti ya kibosi, lakini moyoni hakukuwa shwari. Asubuhi mkewe Susana alimwambia: “Taa ya sebuleni chagua wewe, iendane na nyumba. Mimi nimechoka kuwa mjane mwenye mume.” Neno hilo alitembea nalo tangu chai.

— Nataka shandelia, ile taa kubwa ya kuning'inia, iendane na nyumba, akasema. Leo nirudi nayo, Susana aone na mimi nina nyumba.

— Umefika, arifu! alisema Philemoni, aliyepewa jina la Profesa kwa ajili ya miwani tu. Chukua ya vioo, zile shanga zinazoshuka kama mvua. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kinaingiaje hapo?

— Kioo kimoja kimoja, mwisho sebule imejaa!

Omary alicheka. Yeye ni Satelaiti, hakuna habari inayompita.

— Vioo, Kisongo? Jirani na uwanja wa ndege? Chalii wangu, rubani akiona mng'ao ule anashusha magurudumu. Utaamka una watalii sebuleni.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! Profesa akadakia. Atawauzia vinyago.

— Achana naye, Bosi, alisema Omary. Chukua ya chuma, nyeusi, ina mikono kama buibui. Hata vumbi la Kisongo halionekani. Mficha uchi hazai.

— Sasa hapo unaficha vumbi au unalionyesha?

— Methali haiulizwi, inaitikiwa.

Najim akatua birika.

— Wote mmepotea. Gurudumu la mkokoteni! Unalitundika kwa minyororo, unazungushia balbu. Nimeliona hoteli moja kule Usa River, Mzungu analipa hela alale karibu yake.

— Likidondoka?

— Ajali haina kinga.

— Ngojeni niwape sayansi, alisema Profesa. Taa ya vioo hutuliza ndoa. Mke akipandisha sauti vioo vinagongana, anajisikia, ananyamaza. Mnaniona nilivyo na amani?

— Kwako si kuna balbu inaning'inia na waya? Omary akauliza. Nilikuja kwenye msiba, nikaiona.

— Ndiyo maana naongea kitaalamu, siongei kwa mazoea!

Mabishano yakapanda mpaka yakakutana njiani: gurudumu la mkokoteni, mikono ya chuma, vioo pande zote. Mikaeli akajiona anaingia getini na boksi kubwa, Susana anacheka. Akasimama, suruali akaipandisha, tayari kuvuka kwenda duka la taa.

Mwishoni mwa benchi alikaa mama wa makamo, Fransiska, akisubiri pikipiki iliyomleta izibwe pancha. Walikuwa wamempa shikamoo na nafasi, kisha wakamsahau.

— Samahani, baba, akasema. Makochi yenu ya sebuleni yana rangi gani?

— Makochi?

— Eeh, na mapazia. Si mmesema taa iendane na nyumba?

Mikaeli akafungua kinywa. Kochi moja alilibeba mwenyewe upande mmoja siku lilipofika.

— Kahawia, akasema. Au… kijani. Profesa, si ulikuja siku tunahamia?

— Nilikuja kula.

— Kwani ya kwako yana rangi gani? Mikaeli akamuuliza.

Profesa akavua miwani akaanza kuipangusa. Omary akageukia basi la Namanga, akalitazama mpaka likapotea. Najim akatikisa birika, na halikuwa na kitu.

Mikaeli akapiga simu. Simu yake haisikiki bila spika, kwa hiyo benchi lote likasikia.

— Mama Anaeli, hivi makochi yetu yana rangi gani?

Susana akajibu kwa swali.

— Uko wapi?

— Kijiweni.

— Jua bado halijazama, Baba Anaeli, Susana akasema taratibu. Njoo uyaone.

Mikaeli aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Duka la taa alilipita bila kugeuza shingo, akawahi gari la Kisongo. Nyuma yake Profesa akakumbuka ana shughuli nyumbani. Omary naye akakumbuka. Najim akakusanya vikombe haraka haraka bila kuaga, na mama Fransiska akabaki na benchi zima.